Siku Sita za Milango Wazi

Majira yale Nasti aliisubiri baridi kama watu wengine wanavyosubiri posa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa, alipangusa ukungu wa dirisha la jikoni kwa kiganja na kuchungulia kipimajoto kilichopigiliwa nje ya fremu. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Kumi na sita. Halafu upepo wa kusini ukaleta theluji ya majimaji, zebaki ikapanda hadi tatu, naye akasonya. Baridi ya nyuzi tatu haimuui hata nzi, sembuse kunguni.

Maana shida ilikuwa kunguni. Mchana ile nyumba ya magogo, juu ya kilima kidogo kando ya ziwa, ilikuwa safi kuliko nyumba nyingi za mkoa ule wa Savo. Sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga hadi imekuwa nyeupe, na mazulia ya matambara yamenyooshwa moja baada ya jingine mpaka mlangoni. Taa ikizimwa tu, wakatoka. Walitoka kwenye nyufa za magogo, kwenye chaga za vitanda, nyuma ya magazeti yaliyobandikwa ukutani tangu enzi, wakaja bila sauti kule kulikolala joto. Asubuhi mtoto wake Irja, aliyekuwa na miezi kumi, aliamka na mstari wa vipele vyekundu shingoni, kama vile mtu amemshonea mkufu usingizini.

Mumewe, Eemeli, alikuwa amejaribu njia ya mkato. Kiangazi kilichopita alirudi kutoka dukani na mkebe wa poda nyeupe, ile poda mpya iliyoingia baada ya vita na kusifiwa na kila mtu. Aliipuliza vitandani, chini ya benchi, juu ya mihimili, hadi nyumba ikafanana na kinu cha unga. Kunguni wakatoweka wiki sita. Paka wao, Kirjo, alipita juu ya poda, akajiramba manyoya kama paka wanavyofanya, na siku ya pili akaanza kutetemeka. Alitetemeka siku mbili chini ya benchi, macho wazi, Nasti amekaa naye sakafuni, mpaka akatulia. Ulipofika msimu wa kuchimba viazi kunguni walikuwa wamerudi. Paka hakurudi.

Nusu ya mkebe ilibaki bandani. Eemeli alipougusia tena, Nasti alimwonyesha Irja, ambaye alikuwa akitambaa sakafuni na vidole vinne mdomoni.

"Na huyu naye anajiramba," alisema.

Eemeli hakuutaja tena. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kuinama kila mlangoni hata milango iliyomzidi urefu. Aliuliza tu, "Sasa tufanyeje?"

"Kwetu tulikuwa tunawagandisha."

Mama mkwe wake, Loviisa, alikuwa akikanda unga wa mkate mweusi kwenye beseni la mbao. Aliacha kukanda.

"Mnawagandisha vipi?"

"Baridi ikishika kweli, Mama, unahamisha watu wote. Unazima jiko, unafungua milango na madirisha, unaacha nyumba wazi siku sita. Bibi yangu alifanya hivyo mara mbili."

"Unazima jiko." Loviisa alirudia maneno yale polepole, kama mtu anayeonja maziwa aliyoyashuku. "Jiko la nyumba hii halijawahi kulala majira ya baridi tangu niingie humu nikiwa bibi arusi. Leo uje ulizime wewe?"

"Siku sita tu."

"Litapasuka! Na wapita njia waseme nini? Watu wa kwa Loviisa wamekufa wote, milango i wazi?"

"Waseme tunapunga upepo, Mama."

Eemeli alicheka puani. Loviisa hakucheka. Alimgeukia mwanawe, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

"Kabla ya huyu hatukuwa na mdudu hata mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, Eemeli. Na nguo zenyewe zilikuja ndani ya sanduku."

Sanduku ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Nasti alikuwa mtu wa Karelia, upande ule ambao baada ya vita mpaka uliuacha kwa wengine. Alifika Savo na wakimbizi wenzake, na mali yake yote ilikuwa sanduku la mbao lililochorwa maua ya bluu. Ndani yake mlikuwa na mashuka mawili, sanamu ndogo ya mtakatifu iliyofungwa kwa taulo, na viatu vya marehemu mama yake. Msimu wa majani kupukutika, kunguni waliporudi, Loviisa aliagiza sanduku litolewe nje, likae bandani pamoja na majembe. Nasti alilibeba mwenyewe. Lilikuwa huko tangu hapo, na kunguni hawakupungua hata mmoja, lakini jambo hilo hakuna aliyelisema.

Kilichombadilisha Loviisa hakikuwa hoja ya mtu. Jumapili moja, baada ya ibada, alipita kwa Hulda, jirani yao wa ng'ambo ya ziwa, kunywa kahawa. Hulda alikuwa ametoa vikombe vyake vyenye ukingo wa dhahabu. Walipokuwa wakizungumza habari za mchungaji mpya, kunguni mmoja mnene alitoka kwenye pindo la shali ya kanisani ya Loviisa, akashuka mezani, akaanza kukivuka kitambaa cheupe bila haraka, kama mzee wa kanisa anayekwenda kusoma somo. Wanawake wote wawili walimwona. Hulda alichukua kikombe kitupu, akamfunika, akauliza, "Nikuongeze maziwa?"

Loviisa alirudi nyumbani kwa miguu juu ya barafu ya ziwa, hakungoja sleji, gari la farasi la kuteleza juu ya theluji. Alivua shali mlangoni, akaitupa kwenye theluji.

"Baridi hiyo yako inakuja lini?" alimuuliza Nasti.

*

Ilikuja Jumanne iliyofuata. Asubuhi moshi wa mabomba ya nyumba ulisimama wima kama miti iliyopandwa juu ya mapaa, na theluji chini ya viatu ililia kwa sauti nyembamba. Nasti alipopangusa kioo, mkono ulinata kidogo. Nyuzi thelathini na moja.

"Eemeli," aliita kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kuishtua. "Imefika."

Kazi ilichukua siku nzima na nusu ya siku ya pili. Kibanda cha sauna, bafu lao la mvuke kule chini karibu na maji, ndicho kilichokuwa kiwe nyumba yao. Walianza kwa kukiwasha moto mkali kuliko wa kuoga, wakatundika nguo zote, mablanketi na shali ya kanisani kwenye boriti za juu kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kuweka kichwa. "Baridi inaua polepole," Nasti alieleza, "joto linaua haraka. Tusihame nao tu." Viazi vilitolewa chini ya sakafu vikapelekwa zizini kwa ng'ombe, pamoja na lile ua la dirishani lenye maua mekundu. Maji ya pipa yalimwagwa. Chachu ya mkate Loviisa aliibeba mwenyewe, na beseni lake, amevifunika kwa koti kama mtoto mchanga. Hakumruhusu mtu avishike.

Magodoro ya majani waliyapasua, majani wakayachoma uwanjani. Vitanda walivifungua vyote, tendegu, mifumbati na chaga, wakavilaza kwenye theluji. Kisha Nasti akachukua kisu na kuanza kubandua magazeti ukutani, maana baridi haiwezi kumfikia mdudu aliyejifunika shuka saba.

Magazeti yalikuwa tabaka juu ya tabaka. Kila miaka michache, kabla ya Krismasi, mtu alikuwa amebandika mapya juu ya yale ya zamani. La juu lilikuwa la mwaka uliopita. Chini yake miaka ya vita, yenye karatasi mbovu na majina mengi yenye misalaba midogo; hapo Nasti alifumba macho na kuvuta tu. Chini yake matangazo ya mashine za kutenga maziwa. Alipofika nyuma ya mahali palipokuwa kitanda cha Loviisa, karatasi ilitoka kipande kikubwa kizima, naye akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa kimejaa madoa. Madoa madogo meusi, mamia kwa mamia, yamefuatana pembeni mwa karatasi kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Kila aliyewahi kulala na kunguni anayajua madoa yale. Juu, kwenye kona, palikuwa na tarehe. Machi, mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita.

Nasti alihesabu bila kutaka. Mwaka ule yeye alikuwa na miaka saba. Alikuwa Suistamo kwao, akichunga kondoo, hajui hata kama kuna mahali panaitwa Savo.

Aliinua macho. Loviisa alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu mkononi. Alikuwa ameiona karatasi, na tarehe pia, kwa sababu macho yake ya mbali yalikuwa makali kuliko ya karibu. Wakatazamana. Ungekuwa wakati mzuri wa Nasti kusema neno, na alikuwa nalo, neno zuri lenye ncha, amelinoa tangu msimu wa viazi. Lakini akaona jinsi mama mkwe alivyoikumbatia ile ndoo tupu kifuani. Aliikunja karatasi ile, akaitia motoni pamoja na nyingine.

Huo ulikuwa moto wa mwisho. Eemeli aliuacha ufe wenyewe. Alipoona makaa yamekuwa majivu, alitoa vioo vya ndani vya madirisha, akafungua vya nje, akauachia wazi mlango wa jikoni, wa barazani na wa darini, vyote kwa mara moja. "Kwa mara moja," Nasti alikuwa amesisitiza. "Ukiwapoza taratibu wanazama ndani ya magogo." Hewa ya ndani ilitoka kwa wingu moja kubwa jeupe, ikapita juu ya vichwa vyao, ikapanda, ikapotea kwenye anga ya rangi ya waridi. Nyumba ilipumua pumzi moja ndefu, ikanyamaza.

*

Siku zile za sauna Nasti hakuweza baadaye kuzipanga vizuri kichwani. Zilikuwa kama siku moja tu, ndefu, yenye rangi ya bluu. Jua lilitokea kusini karibu na adhuhuri, jekundu, halina nguvu, likaviringika kidogo juu ya vilele vya miti na kuzama tena. Ndani ya kibanda kulikuwa na giza la kahawia na harufu ya majani ya mti wa gome jeupe na masizi. Watu wanne walilala juu ya majukwaa ya kuogea, pua karibu na dari. Saa ya ukutani waliyoileta, Eemeli hakuipatia mahali pa kuitundika, kwa hiyo ikalala chali, na saa iliyolala chali haitembei. Walikula walipoona njaa. Walilala mtoto alipolala. Irja hakuwashwa tena. Shingo yake ilianza kuwa nyeupe. Alikuwa akiyatazama makaa kwa muda mrefu, akicheka na mtu ambaye wao hawakumwona.

Kila adhuhuri Nasti alijifunga shali hadi machoni na kupanda kilimani kuiangalia nyumba. Hakukuwa na kitu cha kufanya kule. Alikwenda tu.

Siku ya kwanza nyumba ilikuwa bado na joto lake la ndani. Ukiweka kiganja kwenye matofali ya jiko ulihisi uvuguvugu, kama mgongo wa ng'ombe. Siku ya pili maji yaliyosahaulika kwenye kikombe yalikuwa yamegeuka jiwe. Siku ya tatu barafu nyeupe ilikuwa imeota juu ya kila kitu, manyoya mazuri marefu, kwenye meza, kwenye misumari, kwenye uzi wa buibui pembeni ya dirisha ambao sasa ulikuwa mnene kama kamba. Theluji ilikuwa imeingia kwa mlango na kujilaza sakafuni hadi katikati ya chumba. Juu yake zilikuwapo nyayo za sungura. Alikuwa ameingia, amezunguka jiko, amesimama mahali panapokaa kiti cha Eemeli, akatoka kwa heshima kwa mlango uleule. Ndege mdogo mwenye kifua cha manjano alikuwa juu ya boriti. Alimtazama Nasti kana kwamba yeye ndiye mgeni.

Nasti alisimama pale katikati. Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya upepo. Ndipo akaisikia sauti ya ufagio.

Alijua si ufagio wa hapa. Ulikuwa wa Suistamo, miaka kumi iliyopita, majira ya baridi ya kwanza ya vita. Farasi alikuwa amekwisha kufungwa kwenye sleji, baba anapiga kelele uwanjani kwamba mnyama atakufa kwa baridi, na mama yake anafagia. Alifagia nyumba yote, chini ya meza na nyuma ya mlango, akapangusa benchi, akaupanga ufagio pembeni. "Watakaoingia wasije wakasema tulikuwa wachafu," alisema. Kisha wakaondoka. Nasti aliyekuwa na miaka ishirini alitazama nyuma mara moja tu, akaona moshi bado unatoka kwenye bomba.

Kwa miaka kumi moshi ule ulikuwa ukitoka. Hakuwa amemwambia mtu, hata Eemeli, lakini kichwani mwake jiko la kwao lilikuwa bado linawaka. Usiku alipokosa usingizi alikwenda huko, akaketi karibu nalo, akaota moto. Hakuwahi kufikiri kwamba makaa yale yalikufa jioni ileile, kwamba siku ya pili maji ya pipa yalipasua mbao, na siku ya tatu barafu ikaota manyoya juu ya meza iliyopanguswa na mama. Sasa aliona. Nyumba ya kwao ilikuwa hivi. Nyeupe, imenyamaza, mlango uko wazi, na labda sungura.

Machozi yalimtoka na kuganda kwenye kope. Ilibidi avue glavu na kuyayeyusha kwa vidole ili aweze kuona njia. Aliposhuka kilimani miguu yake ilikuwa myepesi, hakujua kwa nini.

"Umekaa sana," Loviisa alisema alipoingia. Eemeli alikuwa zizini. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa bibi yake. "Nilitaka kumtuma mtu, nikaona sina mtu wa kumtuma."

"Nilikuwa naangalia tu, Mama."

"Wamekufa?"

"Niliokota watatu sakafuni. Wakavu kama makapi."

Loviisa alitia ukuni mmoja motoni.

"Walikuja na kitanda changu," alisema, akiuambia moto. "Kile kitanda cha arusi. Shangazi yangu alinipa, akajisifu mbele ya watu wote, kitanda cha mjini. Wiki ya kwanza tu nikawaona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifikiri wakijua watanirudisha kwetu, mimi na kitanda changu."

"Baba yake Eemeli hakujua?"

"Hakujua. Nilikuwa naamka akikoroma, nawaua kwa mkono mmoja mmoja. Nikiona wamezidi, nabandika gazeti." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Watu walinisifu, Loviisa anapenda kuta safi. Ile karatasi uliyoichoma nimeibandika kwa mikono hii. Wewe ulipofika na sanduku lako nikasema, afadhali. Sasa amekuja wa kumsingizia."

Nasti alivua shali polepole. Ndani yake alilitafuta lile neno lenye ncha na hakulikuta.

"Karibu miaka arobaini, Mama," alisema. "Peke yako."

"Thelathini na tisa." Loviisa alimweka vizuri mtoto kifuani. "Kesho Eemeli alitoe sanduku lile bandani. Majembe yatalichubua maua."

Huo ndio msamaha walioupata wote wawili, na hawakuurudia tena.

*

Siku ya sita walirudi. Nasti alifagia theluji kutoka ndani kwenda nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na pamoja na theluji wakatoka kunguni waliokauka, mmoja hapa, kumi pale, na nyuma ya benchi kundi zima. Eemeli aliwasha moto mdogo wa vijiti, akauacha ufe, akawasha mwingine mdogo, siku nzima hivyo hivyo, maana jiko lililoganda likipewa moto mkubwa hupasuka. Loviisa alisimama ameweka sikio kwenye matofali kama daktari. Halikupasuka. Ila kuta zililia. Barafu ilipoyeyuka, maji yalitiririka kwenye magogo, kwenye vioo, kwenye boriti, na nyumba nzima ikanukia msitu, kana kwamba miti ile ilikuwa imekatwa jana.

Hawakubandika gazeti tena. Waliziba nyufa kwa kamba za kitani na udongo, mmoja mmoja, hadi mwisho wa Februari, na magogo wakayaacha wazi ili mdudu asiwe na shuka. Vitanda vililetwa katikati, mbali na ukuta, kila tendegu ndani ya bakuli la maji. Kitanda cha arusi Loviisa alikipasua mwenyewe kwa shoka.

Hata hivyo, wiki ya pili ya Machi, Irja aliamka na kipele kimoja. Nasti alitafuta siku tatu na mshumaa. Aliwapata mahali ambapo baridi haikufika: ule ufa kati ya jiko na ukuta, ambako moyo wa matofali ulikuwa umeshikilia joto lake karibu siku zote sita. Hapo hapafikiki kwa kisu wala kwa maji ya moto. Alikaa akiutazama ufa ule, kisha akamwita mumewe.

"Lete ule mkebe."

Eemeli alisita. "Ulisema..."

"Nilisema nyumba nzima hapana. Kijiko kimoja, humo ndani tu, halafu tunaziba kwa chokaa leo leo. Mtoto nimpeleke kwa bibi yake zizini."

Kikawa kijiko kimoja cha chai. Eemeli alikipuliza ndani kwa mrija wa karatasi, Nasti akafuata nyuma na chokaa, akaufunga ufa kutoka sakafuni hadi dari, akausawazisha kwa kidole. Nguo walizofanyia kazi walizivua, wakazifua mbali na ndoo za jikoni. Mkebe ulirudi kwenye boriti ya juu ya banda, umefungwa kwa waya. Baada ya hapo hapakuonekana kunguni mwingine.

Usiku wa kwanza walipokuwa na hakika, Nasti alilala kama aliyetupwa kisimani. Kulikucha, jua likaingia hadi nusu ya chumba, ng'ombe wakakamuliwa na mwingine, na hakuna aliyemwamsha. Alipofumbua macho hakujua kwanza ni nyumba gani. Alisikia Loviisa akimwimbia mtoto kwa sauti isiyofuata tuni, wimbo wa kuchovya mkate kwenye maziwa, na akabaki amelala hivyo, hajui, wala hana haraka ya kujua.

Hulda alikuja kabla theluji haijalainika, akiwa amevuka ziwa kwa mbao zake za kuteleza juu ya theluji. Alikataa kahawa, akaikubali, akazungumza habari za mchungaji, akakuna kiwiko. Akakuna tena. Nasti na mama mkwe wake walitazama mezani kwa makusudi.

"Nasikia mna ile poda," Hulda alisema mwishowe, akipunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya, yaani, dada yangu."

"Dada yako yuko Amerika," Loviisa alisema.

"Basi ni kwa ajili yangu!" Hulda aliwaka, macho yakamjaa maji. "Tangu siku ile. Nilimfunika kwa kikombe, sijui alipitia wapi!"

"Mmoja hazai nyumba nzima kwa wiki saba, shoga. Wewe unao siku nyingi. Kama mimi." Loviisa alimmiminia kahawa hadi ukingoni. "Mimi nimekaa nao thelathini na tisa. Poda sikupi, muulize paka wetu. Muulize huyu mkwe wangu, yeye ndiye anajua. Nasti, mwambie."

Nasti alimwambia. Alimwambia habari za milango yote kwa mara moja, na viazi, na moto wa vijiti, na ule ufa nyuma ya jiko asiusahau. Hulda alisikiliza mdomo wazi kidogo, akihesabu kwa vidole siku zilizobaki za baridi.

Zilikuwa zimebaki chache. Lakini mwishoni mwa Machi anga ilijisafisha kwa ghafla, na zebaki ikaanguka hadi ishirini na nane. Asubuhi Nasti alipopangusa kioo aliona, ng'ambo ya ziwa, nyumba ya Hulda imefunguliwa madirisha yote, mapazia yakipeperushwa nje kama vitambaa vya watu wanaoaga au wanaokaribisha, kwa umbali ule huwezi kujua. Sauna ya Hulda ilikuwa imeungua mwaka juzi. Watu sita, weusi kama vivuli, walikuwa wakija juu ya barafu, mmoja nyuma ya mwingine, wamebeba watoto, saa ya ukutani, na kitu kilichofunikwa kwa koti.

"Eemeli," Loviisa aliita, akijifunga aproni. "Washa sauna, iwe kali kweli. Hawaingii humu na nguo walizovaa."

Nasti alikwenda kutandika sakafuni.